Mawifi Wawili, Chumba Kimoja

DeSoto, Texas
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa pale nje ya jikoni upande wa jua, na kikombe chako cha bati mkononi. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umempa jirani tena? Na baridi ya Wundanyi mwaka huu imekuwa na adabu, au bado unalala na soksi? Niambie yote, hata habari za ng'ombe.

Sisi huku tu wazima. Mwanao Mwakio ameota kitambi, nami nakihesabu kuwa sifa ya mpishi. Mimi bado niko pale pale hospitalini, zamu ni ndefu na miguu inavimba, lakini wagonjwa wananipenda. Wajina wako Wakesho amekuwa mrefu kunishinda. Ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri sana, kisha anakujibu kwa Kiingereza, hasa kama jibu lenyewe ni hapana.

Sasa Mama, najua unachofanya. Umeshageuza karatasi unatafuta mwandiko wa pili, wa binti yako. Tafadhali rudi hapa. Usiruke kurasa, nimejitahidi kuandika kwa mpangilio.

Ulisema kwenye simu, tena kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde: "Simu haina uso. Mtaniambia mmepatana kumbe kila mtu amenuna kwake. Andikeni barua, karatasi moja, mwandiko wako na mwandiko wa Wawuda. Nisipoiona sipandi ndege. Siji Amerika kugawanywa kama nyama ya harusi." Wakesho alikuwa kando yangu, akasikia kila neno. Akaniambia, "Mum, just call Auntie. It's literally free." Nikamjibu kwamba kuna vitu vya bure vinavyouma kuliko vya kununua.

Yaliyotokea unayajua, lakini acha niyaseme mara moja tu, kisha niyafukie. Ulipokuja safari ile tulikubaliana ukae Houston kwa Wawuda kwanza, halafu uje kwetu huku Dallas. Nilipaka chumba rangi ya kijani ili ukiamka uone kama uko kwenu. Wiki ikapita, nyingine ikafuata, na kila nikipiga simu Wawuda ana sababu. Joto kali. Goti la Mama. Barabara ya Houston hadi Dallas ni ndefu, malori ni mengi. Mpaka siku za viza zikaisha, ukapanda ndege hapo hapo Houston, na sisi tukakuaga uwanjani kama majirani. Nilimwambia Wawuda maneno, naye akaniambia yake. La kwake lililonichoma ni hili: "Mama ni wangu, wewe umeolewa tu." Toka siku hiyo tukikutana kwenye harusi au matanga anamsalimia Mwakio, kisha ananipita kwa macho kama mimi ni pazia.

Basi nikuelezee Uturuki, maana ndiko mambo yalikotengenezeka.

Unakijua kile kikundi chetu cha akina mama wa Dallas, Fort Worth na Houston. Mwenyekiti ni Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi kwenye ghala kubwa huko Fort Worth na anatuongoza kama anavyopanga maboksi: kila mtu na mahali pake. Mwaka huu kikundi kiliamua safari ya mapumziko, na Mama Furaha akachagua mji mdogo wa pwani karibu na Antalya kwa sababu aliona picha ya bahari akaipenda. Nilijua Wawuda naye yumo kwenye safari. Nikajiambia bahari ni kubwa, atakaa kwake nami nitakaa kwangu.

Tulifika hotelini tumechoka, sote na vitenge vya sare, rangi ya machungwa, mtu angetuona kutoka angani. Kijana wa mapokezi akainua ufunguo akaita kwa furaha, "Mwadime family!" Nikasogea. Wawuda naye akasogea. Mama, hapo ndipo nilipokumbuka kwamba jina nililopewa na mwanao siku ya ndoa, Wawuda alizaliwa nalo. Chumba ni kimoja. Nikamwambia kijana kuna makosa, akasema hoteli imejaa, hakuna kingine hata cha kufulia nguo. Tukamgeukia mwenyekiti.

"Miye niliona jina ni moja," akasema Mama Furaha, hata hakuacha kuburuta sanduku lake, "nikasema hawa ni bandugu. Bandugu balale pamoja. Kuko shida gani?"

Hakuna aliyetaka kueleza ni shida gani mbele ya wanawake wote wale. Tukapanda juu, kila mtu na sanduku lake. Tukafungua mlango. Mama, kitanda kimoja, kipana, kimenyunyiziwa maua, na juu yake wamekunja taulo mbili zikawa mabata wawili wanaobusiana. Wawuda akaliangalia lile bata la upande wake, akalishika shingo, akalikunjua, akaenda nalo kuoga. Mimi nikapanga mito katikati ya kitanda ikawa mpaka. Ndivyo tulivyoishi.

Maisha ya kule ni mazuri kwa mtu mwenye wa kuzungumza naye. Hotelini wanakufunga bangili ya plastiki mkononi, ukiwa nayo unakula mpaka uone aibu mwenyewe. Bahari ni safi, unaona vidole vyako vya miguu chini, lakini ufuo hauna mchanga, ni kokoto tupu, ukienda bila viatu unatembea kama kuku kwenye makaa. Vitanda vya jua navyo vina siasa yake. Kuna watu wanawahi asubuhi kutandika taulo juu ya kitanda, kisha wanarudi kulala, na taulo inawakalia nafasi mpaka mchana. Mama Furaha hakuelewa sheria hiyo. Alizikunja taulo zote vizuri, akaziweka kando, akatuita tukae. Paka ni wengi kila mahali, wanene, wanalala mbele ya maduka na hakuna anayewafukuza. Na chaja zetu za Texas zina meno bapa, ukuta wa Uturuki unataka meno ya mviringo, kwa hiyo siku ya kwanza simu zote zilizima na tukawa watu wa zamani.

Chai, Mama. Wewe unajua mimi ni mtoto wa Bungoma, bila chai ya maziwa asubuhi siwezi hata kusali. Kule wanakunywa chai nyeusi tii, ndani ya vigilasi vidogo vyenye kiuno, havina hata mkono wa kushikia. Nikatafuta maziwa. Nikaona jagi la kitu cheupe, baridi, kizuri kwa macho. Nikajimiminia kwa ukarimu. Kumbe si maziwa, ni mtindi uliozimuliwa kwa maji ukatiwa chumvi. Chai ikakatika vipande vipande kama dawa ya mifugo. Wawuda alikuwa ameketi mbele yangu, maana meza nazo zilipangwa kwa majina, na sikuwa tayari kumpa furaha. Nikanywa nikiwa nimekaza uso kama niko kanisani. Yeye aliponiona nakunywa bila wasiwasi akavuta jagi, akajimiminia. Akaonja. Akaniangalia, nami nikamwangalia. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kukunja uso, tukainywa ile chai mpaka tone la mwisho.

Siku iliyofuata tulikwenda sokoni. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni: vitambaa vya makochi yako. Nikavikuta kwenye duka la mzee mmoja mwenye masharubu meupe, seti nzima pamoja na cha meza, rangi ya maziwa, kingo zimedariziwa maua madogo. Mzee akanikalisha, akanipa chai ya tufaha, tukaanza kuvutana vizuri. Nilikuwa karibu kumshinda. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu ikisema kwa Kiingereza kwamba hata ile bei ya kwanza yeye anatoa. Nani kama si wifi yangu? Nikaongeza. Akaongeza. Mimi na yeye hatutazamani, tunamwambia mzee tu, na mzee anageuza shingo huku na huku, masharubu yanacheka. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mama Furaha ndiye aliyetukuta akatushika mikono akatutoa nje.

"Kitambaa ni ya nani?" akauliza.

"Ya Mama," tukasema kwa pamoja.

"Mama gani?"

Hakungoja jibu.

"Mama ni mumoja, na nyinyi munapandishia muzee bei! Nitawaacha hapa Turkiya, nawaambia."

Vitambaa vikabaki dukani.

Kesho yake tukapelekwa kutazama magofu ya zamani, uwanja wa michezo wa mawe uliojengwa duara kwenye kilima, ngazi juu ya ngazi. Mtu akizungumza pale chini, aliye juu kabisa anamsikia. Mama Furaha akasema uwanja mzuri hivi hauwezi kuachwa kimya, akaanzisha wimbo wa kanisani. Mimi niliimba sauti ya kwanza. Nilikuwa nimekaa ngazi ya juu, Wawuda ngazi ya chini mbali, lakini ile sauti yake ya pili, unaijua ilivyo nzito, ikapanda ikanifuata mpaka nilipokuwa. Tukaimba vizuri, Mama. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, wakidhani ni kwaya iliyokodiwa. Wimbo ulipoisha tukarudi kwenye ugomvi wetu, ila mimi nilikuwa nimeanza kuchoka nao.

Sasa hapa uniwie radhi, maana mkwe hazungumzii mambo ya kuoga mbele ya mama mkwe. Lakini bila hapa barua haina maana. Kule kuna hamamu, bafu la kienyeji, wanawake na wanawake wenzao. Unafungwa shuka nyembamba ya mistari, unalazwa juu ya jiwe kubwa lenye moto chini yake, kisha mama mmoja mwenye mikono kama ya mtu wa kukanda mikate anakusugua kwa glavu ya kukwaruza mpaka uchafu wa ujana wako unatoka. Tuliingia wawili wawili. Na unajua majina yetu yalivyopangwa.

Nimelala pale, maji ya moto yananimwagikia, nimefumba macho. Yule mama akanisugua mgongo, akanigeuza, akaanza tumbo kwa nguvu zake zote. Nikajikaza. Mara nikasikia kutoka jiwe la pili, kwa Kiswahili, kwa sauti ya amri: "Hapo polepole! Hapo ana mshono!"

Msuguaji hakuelewa. Wawuda akateremka, shuka mkononi, miguu inateleza, akaja akamnyang'anya ile glavu. "Lete hiyo. Huyu hujui kumshika."

Mama, unakumbuka nilipojifungua Wakesho kwa upasuaji na wewe ukanyimwa viza. Aliyekuja kunikanda ni Wawuda. Aliacha kazi yake Houston, akaingia jikoni mwangu, akachemsha maji kwa sufuria kubwa ya ugali, akanikanda mgongo na miguu kwa taulo asubuhi na jioni. Mshono hakuugusa hata mara moja. Mimi nesi nilikuwa namkumbusha, naye ananijibu kwamba hakuzaliwa jana. Mikono ni ile ile. Alipoanza kunimwagia maji mgongoni nililia, na kwa kuwa kila kitu pale kimelowa nilidhani hakuna atakayeona.

"Unalia nini?" akasema.

"Sabuni."

"Bado hatujatia sabuni."

Tukacheka. Kisha na yeye akalia. Yule mama wa hamamu akatuletea maji ya kunywa, akaondoka akatuacha.

Hapo ndipo Wawuda aliponiambia, na nimemwomba ruhusa nikuandikie. Alisema, "Nafula, wewe una Mwakio, una mtoto, nyumba yako ina kelele. Mimi tangu ndoa yangu ivunjike nikirudi kazini nasikia friji tu. Mama alipokuja, nikifungua mlango kuna mtu anauliza nimekula nini. Nilikuwa nasema kesho nitampeleka Dallas, kesho nitampeleka. Nikashindwa."

Mama, mimi miaka yote hiyo nilidhani alikuzuia kwa sababu ya kiburi. Sikuwahi kufikiria friji. Na lile neno la kuolewa tu alilifuta mwenyewe, akasema, "Ungekuwa umeolewa tu, nisingekanda mgongo wako." Nami nikayafuta ya kwangu, ambayo wewe huyajui na sitayaandika.

Tulitoka pale tumeng'aa kama sufuria mpya, tukaenda moja kwa moja kwa mzee wa masharubu. Alipotuona alifurahi, akaweka chai mezani, akijua fedha imerudi. Maskini. Safari hii Wawuda alikuwa anasifu kitambaa na mimi natafuta kasoro, kisha tunabadilishana. Akisema bei, tunainuka pamoja. Tukifika mlangoni anatuita. Tuliinuka mpaka magoti yakachoka. Mwishowe akashika kichwa, akacheka, akatuongezea na kitambaa kidogo cha redio. Ndivyo wasemavyo, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mzee wa watu, sisi tulipogombana, alichukua kikapu akaja kuvuna. Vitambaa hivyo ndivyo vinavyokuja na barua hii, mchungaji wetu anavileta mkononi kwa kuwa anakuja Voi kwa mazishi ya shangazi yake. Mpe chai. Ya maziwa.

Sasa habari ya leo. Wawuda yuko hapa DeSoto. Ameendesha gari kutoka Houston asubuhi, barabara ile ile ya malori, akafika na mfuko wa samaki na malalamiko kuhusu joto. Hivi ninavyoandika yuko jikoni anamfundisha Wakesho kusonga ugali. Namsikia mtoto anasema, "Auntie, my arm is dying," na shangazi anamjibu, "Songa! Mkono haufi, unakomaa!" Mwakio amekaa sebuleni anatabasamu peke yake tangu asubuhi. Nadhani aliyeumia zaidi ya sote alikuwa yeye, na hakuwa na mahali pa kusema.

Limebaki moja, nalo nimeliamua mwenyewe bila kuuliza mtu. Mama, ukija shukia Houston. Kaa kwa Wawuda kwanza, kaa mpaka utosheke. Sisi tutakuja kila nikipata mapumziko ya zamu. Chumba chako cha kijani hakina haraka, na nyumba yangu ina kelele za kutosha. Hili nalisema kwa moyo mweupe, ijapokuwa nikikuambia haliniumi hata kidogo nitakuwa nimekudanganya.

Nisalimie Baba, mwambie redio yake nayo imepata nguo. Msalimie mjomba kinyozi, na jirani yako anayejipaka dawa yangu, na shemeji yangu mdogo mwalimu, aache kuniomba viatu vya saizi ambayo haiuzwi. Waambie wanakwaya kwamba tuliimba mbele ya mataifa wala hatukukosea sauti.

Mungu akutunze, Mama, na goti lako alitazame kwa jicho la pekee. Nafasi iliyobaki hapa chini si yangu.

Mkweo akupendaye,
Nafula, Mama Wakesho

*

Mama, shikamoo. Ni mimi, Wawuda. Mwandiko ndio huu, ule ule wa kuku uliokuwa unanichapia.

Nimeisoma yote, mikono ina unga. Ile chai yeye ndiye aliyekunja uso kwanza, usikubali hadithi. Na hayo ya Houston nimeyaona sasa hivi. Nimemwambia ayafute, anasema barua haifutwi. Basi usimsikilize.

Leo ameniingiza kwenye kile chumba cha kijani. Hakuna aliyewahi kulala humo, Mama. Shuka zimetandikwa tangu safari ile, na soksi mbili za sufu ziko juu ya mto. Nikaziinua, nikazikunja vizuri, nikazirudisha pale pale.

Shukia Dallas. Nitakuwepo uwanjani nikikungoja pamoja nao. Nimemwambia Mwakio aongeze kitanda cha pili humo ndani, nilale na wewe mpaka unichoke. Kisha tutateremka Houston sote kwa gari langu, tukisimama kila utakapotaka kunyoosha mguu.

Goti usiliogope. Mimi nitakukanda, Nafula atachemsha maji.